Mbaazi, Ng'ombe na Joto la Dunia: Handeni Ina Jibu Lake

Mahindi ya masika yanapokwisha kuvunwa Handeni, shamba halibaki tupu. Katikati ya mabua makavu husimama mbaazi, bado kijani, zikiendelea kuchanua na kubeba wakati udongo wa juu umeshakauka kabisa. Mizizi yake huchimba chini kuliko ya mahindi na kufikia unyevu ambao mazao mengine hayaufikii. Baadaye wenye shamba hukata matawi, huanika, hupura kwa fimbo na kupepeta. Kisha ng'ombe huingia kumalizia mabua na majani yaliyosalia.

Shamba hilo moja limebeba pande mbili za mjadala unaoshughulisha serikali, wanasayansi na makampuni makubwa duniani: binadamu wapate wapi protini bila kuzidi kuipasha dunia joto? Upande mmoja yupo ng'ombe, na upande wa pili ipo mikunde, yaani mbaazi, kunde, choroko, fiwi, maharage na soya. Huko Ulaya na Marekani mjadala huu umezaa baga za mimea na nyama inayokuzwa maabara. Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hazihitaji kusubiri teknolojia hiyo. Mbadala wa nyama unalimwa pale pale, unajulikana ladha yake, na bei yake inamudika. Kinachokosekana ni kuupa nafasi katika mipango ya kilimo, ya shule na ya biashara ya chakula.

Gesi inayotoka mdomoni

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua. Nyasi wanazokula huingia kwanza katika tumbo kubwa, ambamo vijidudu visivyohesabika huzichachusha ili mnyama apate nguvu kutoka kwenye nyuzinyuzi ambazo binadamu hawezi kuzimeng'enya. Uchachushaji huo hutoa gesi ya methani, na sehemu kubwa sana ya gesi hiyo hutoka kwa mdomo, mnyama anapobeua.

Wakazi wa Korogwe wanaijua methani kwa sura nyingine. Katika shamba la mkonge la Hale, kiwanda kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kilichachusha mabaki ya mkonge, kikakusanya gesi hiyo na kuzalisha umeme. Ikinaswa, methani ni nishati. Ikiachwa ipae angani, ni gesijoto kali: kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani hupasha dunia joto takribani mara 28 ya tani moja ya hewa ukaa, na kwa miaka 20 ya mwanzo huzidi mara 80. Nafuu yake ni kwamba haikai sana. Hewa ukaa huweza kubaki angani kwa karne nyingi, lakini methani hutoweka ndani ya miaka kumi na kitu. Ndiyo maana wanasayansi wanaona kwamba kuipunguza ndiyo njia ya haraka ya kupunguza kasi ya ongezeko la joto.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Makadirio yake mapya ya mwaka 2023 yako karibu asilimia 12. Ukijumlisha mfumo mzima wa chakula, kuanzia ukataji wa misitu na mbolea hadi usafirishaji, upikaji na mabaki yanayotupwa, mchango hufika karibu theluthi moja.

Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford na Thomas Nemecek wa Uswisi walichapisha uchambuzi wa taarifa za mashamba takribani 38,700 katika nchi 119. Walikuta kwamba gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama hugharimu, kwa wastani wa dunia, karibu kilo 50 za gesijoto. Gramu 100 za protini kutoka kwenye mikunde hugharimu chini ya kilo moja. Walikuta pia kwamba mifugo na malisho yake hutumia asilimia 83 ya ardhi ya kilimo duniani, huku ikitoa asilimia 37 ya protini na asilimia 18 tu ya nguvu ambayo watu huipata katika chakula.

Mfugaji wa Handeni si mshtakiwa

Takwimu hizo zikisomwa haraka haraka, mtu anaweza kudhani kwamba tatizo liko kwa mfugaji anayeswaga ng'ombe kuelekea mnadani. Ukweli ni tofauti.

Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9 nchini Tanzania, idadi inayoiweka nchi hii miongoni mwa zenye mifugo mingi zaidi Afrika. Hata hivyo, Mtanzania wa kawaida hula takribani kilo 15 tu za nyama za aina zote kwa mwaka. Mmarekani hupita kilo 100. Jopo la wanasayansi wa lishe na mazingira la EAT-Lancet lilipotoa mwaka 2019 pendekezo la mlo unaofaa afya za watu na dunia yenyewe, kiasi cha nyama kilichopendekezwa, nyekundu na ya kuku kwa pamoja, kilikuwa gramu 43 kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni takribani kilo 16. Kwa wastani, basi, Tanzania tayari imo ndani ya kiwango ambacho mataifa tajiri yanaombwa kushuka hadi kukifikia.

Tena ng'ombe wa Handeni hafanani na yule wa mazizi makubwa ya Marekani, anayenenepeshwa kwa mahindi na soya. Zebu, ng'ombe wa asili wa hapa, hula nyasi na mabua, vitu ambavyo binadamu havimfai. Humpa mwenyewe maziwa na samadi, humlipia mtoto ada, humwezesha kulipa mahari, na huwa akiba ya siku mvua inapogoma. Kwa Wamasai na jamii nyingine za wafugaji walioko wilayani Handeni, pamoja na familia ambazo serikali imekuwa ikizihamishia Msomera kutoka Ngorongoro tangu Juni 2022 katika mpango uliozua mabishano makubwa, ng'ombe ni maisha yenyewe. Mpango wowote wa kupunguza gesijoto unaoanza kwa kuwanyang'anya watu hawa riziki hauna haki, na hautafanikiwa.

Lipo, hata hivyo, jambo linalohitaji kusemwa wazi. Ng'ombe wa asili asiyepata malisho ya kutosha huchukua miaka minne au zaidi kufikia uzito wa kuuzwa, na muda wote huo anabeua methani. Ng'ombe anayetoa lita moja ya maziwa kwa siku hutoa gesi nyingi kwa kila lita kuliko yule wa lita nane. Kwa hiyo majosho, chanjo, majani yaliyokatwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, na mbegu bora ya ng'ombe ni hatua za kulinda tabianchi kama zilivyo hatua za kuongeza kipato. Mkoa wa Tanga una uzoefu wa kutosha katika hili kupitia ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, TDCU, ulioanzishwa miaka ya 1990. Mifugo michache yenye afya humlipa mfugaji kuliko kundi kubwa lililodhoofu, na mwaka wa ukame huumia kidogo.

Wasiwasi mkubwa uko mbele. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Miji inakua, kipato cha baadhi ya watu kinapanda, na nyama ndicho kitu cha kwanza kuongezwa mezani. Ikiwa mahitaji yote mapya ya protini yatajibiwa kwa ng'ombe peke yake, malisho yatatafutwa ndani ya misitu ya miombo iliyobaki, na ugomvi wa wakulima na wafugaji, ambao wilaya za Handeni na Kilindi zinaujua vizuri, utazidi. Hapo ndipo mbadala wa nyama unapokuwa na maana kwa Tanzania.

Kutoka baga ya London hadi paketi ya soya

Duniani, safari ya mbadala wa nyama imekuwa na kishindo kikubwa na matokeo mchanganyiko. Agosti 2013, mwanasayansi Mark Post wa Uholanzi alionyesha jijini London baga ya kwanza iliyotengenezwa kwa seli za ng'ombe zilizokuzwa maabara. Utengenezaji wa baga hiyo moja uligharimu takribani euro 250,000. Desemba 2020 Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya aina hiyo kuuzwa, ikiwa ni ya kuku. Marekani ilifuata mwaka 2023. Mwaka huohuo Italia ikapiga marufuku.

Upande wa mimea, kampuni ya Impossible Foods ya Marekani ilifanikiwa kuipa baga ya soya rangi na ladha ya damu kwa kutumia protini yenye madini ya chuma inayopatikana kwenye mizizi ya soya, ingawa yenyewe huizalisha kwa hamira. Beyond Meat iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa, na katika miezi michache hisa hiyo ikapita dola 200. Miaka michache baadaye ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 10. Wateja wengi walijaribu mara moja, wakaona bei ni kubwa kuliko ya nyama na ladha haijafika, wakarudi buchani.

Afrika Mashariki imepita njia ya mkato. Madukani Tanzania na Kenya kuna nyama ya soya, vipande vikavu vinavyotengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta. Havihitaji friji. Huloweshwa kwa maji ya moto, hukamuliwa, kisha huungwa kwa nyanya na vitunguu kama rosti yoyote. Kwa Wasabato wasiokula nyama na kwa familia nyingi zenye asili ya India, kitoweo cha namna hiyo ni cha kila siku. Kwa wengine ni namna ya kufikisha chungu mwisho wa mwezi.

Kwa upande wa soya yenyewe, zaidi ya robo tatu ya ile inayolimwa duniani huishia kulisha mifugo, na sehemu ndogo tu, takribani asilimia 7, huliwa na watu moja kwa moja katika vyakula kama tofu na maziwa ya soya. Kila mara chakula kinapopita tumboni mwa mnyama kabla ya kufika mezani, sehemu kubwa ya protini hupotea njiani.

Zao lililoangushwa na mnunuzi mmoja

Kilo moja ya mbaazi kavu ina protini zaidi ya gramu 200, kiasi kinacholingana na kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi. Bei yake sokoni ni sehemu ndogo tu ya bei ya nyama. Pamoja na hayo, mkulima wa mbaazi amekuwa akilima kwa mnunuzi wa mbali.

Agosti 2017 India, ambayo ndiyo soko kuu la mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazoingia kutoka nje, ili kulinda wakulima wake waliokuwa wamevuna kwa wingi. Uamuzi huo uliofanywa New Delhi uliwafikia wakulima wa Tanzania ndani ya wiki chache. Bei iliyokuwa imepita shilingi 2,000 kwa kilo katika misimu ya neema ikaanguka hadi mamia machache ya shilingi. Walioamini zao hilo wakaliacha, wengine wakabaki na magunia ndani. India ilifungua tena milango mwaka 2021, lakini somo limebaki: zao linalotegemea mlaji mmoja wa ng'ambo halina usalama, na kinga yake kubwa ni mlaji wa nyumbani.

Kwa shamba lenyewe, faida haibishaniwi. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mbaazi hunasa nitrojeni iliyoko hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Majani yanayodondoka huongeza rutuba, na mahindi ya msimu unaofuata hunufaika. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa kutumia gesi asilia, na ikishamwagwa shambani sehemu yake hugeuka oksidi ya nitrojeni, gesijoto yenye nguvu zaidi ya mara 270 ya hewa ukaa. Kila kilo ya nitrojeni inayotokana na mbaazi ni kilo ambayo mkulima hakuinunua. Shina lake likikauka huwa kuni. Kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, kwa kushirikiana na shirika la ICRISAT, kimekwisha kutoa mbegu zinazostahimili ugonjwa wa mnyauko, zikiwamo Mali na Tumia.

Kwa mlaji pia mambo yamekaa vizuri. Mahindi yana upungufu wa kiini cha protini kiitwacho laisini, ambacho mikunde inacho kwa wingi. Mikunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Makande, ambayo wengi huyachukulia kuwa chakula cha kujazia tumbo, yanakamilisha protini hizo katika sahani moja. Mkoa wa Tanga una hazina nzima ya mapishi ya namna hii: mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi, bajia za kunde, kisamvu cha karanga, choroko kwa wali. Hakuna kampuni inayolazimika kuwafundisha watu wa Handeni na Korogwe kuvipenda vyakula hivi.

Kikwazo kiko jikoni

Kuna hesabu moja ambayo watetezi wa mikunde huisahau mara nyingi. Maharage makavu yanaweza kuchukua saa mbili au tatu kuiva, na katika kaya nyingi za mijini hupikwa kwa mkaa. Handeni na Kilindi ni miongoni mwa maeneo ambayo kwa miaka mingi yamekatwa miti ili kulisha majiko ya Dar es Salaam. Sufuria ya maharage inayoteketeza mkaa kwa saa hizo zote hula sehemu ya faida ya kuacha nyama, na kwa mama lishe anayehesabu kila shilingi, gharama ya moto inatosha kumfanya achague kitu kingine.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Kulowesha mikunde usiku kucha hupunguza muda wa kuiva kwa kiasi kikubwa na hakugharimu chochote. Mbaazi au choroko zilizokobolewa na kupasuliwa huiva haraka kuliko nzima. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa gharama ndogo ya umeme, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, unafungua mlango huo. Nchini Kenya na Uganda, taasisi za utafiti za KALRO na NARO zimeshirikiana na wasindikaji kutengeneza maharage yaliyopikwa kabla na kukaushwa, ambayo mnunuzi huyapasha kwa muda mfupi tu. Kinu cha kukoboa na kupasua mbaazi kikiwekwa Handeni kitaongeza thamani ya zao kabla halijatoka wilayani, na kitawafikishia walaji wa mjini bidhaa inayopikika haraka.

Shule ndizo soko la kwanza

Mfano mzuri zaidi wa protini ya mimea kwa wingi katika ukanda huu uko Nairobi. Food4Education, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2012 na Wawira Njiru, hupika katika majiko makubwa na kupeleka chakula cha mchana kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi kila siku ya masomo. Milo yake hutegemea wali na mikunde kama maharage na ndengu, yaani choroko. Chakula hicho ni cha bei nafuu, kinashibisha, na kinawapa wakulima mnunuzi wa uhakika.

Tanzania ina mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni tangu mwaka 2021, na wazazi katika shule nyingi huchangia mahindi na maharage. Hatua inayofuata kwa halmashauri za Handeni na Korogwe ni kuwaunganisha wakulima wa mbaazi na kunde wa vijiji vyao na shule za vijiji hivyohivyo, kwa bei inayokubaliwa kabla ya msimu. Ununuzi wa aina hiyo ungemwezesha mkulima kujua atauza kwa nani, hata kama soko la India litafungwa tena.

Tahadhari moja ni lazima iheshimiwe. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto watatu kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Vitamini B12 haipatikani katika mikunde, na madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa uchache kuliko ya nyama. Mtoto mdogo na mama mjamzito wanahitaji maziwa, mayai, dagaa na hata nyama kidogo. Anayepaswa kupunguza ni yule anayekula nyama kila siku, mara mbili kwa siku, awe Houston, Dubai au Masaki.

Kwa wilaya hizi mbili njia iko wazi na haihitaji miujiza. Halmashauri ziandike mbaazi, kunde na choroko katika bajeti za shule na za ugani. Wafugaji wapewe majosho, chanjo na soko la maziwa ili mifugo michache iwalipe zaidi. Wajasiriamali wa Korogwe wajaribu kinu cha kukoboa mikunde. Wenye hoteli za barabarani, kuanzia Mkata na Segera hadi Mombo, ambako mabasi husimama abiria wakale, waweke mbaazi za nazi na choroko kwenye orodha pamoja na kuku na nyama choma, zipikwe vizuri na ziuzwe kwa bei ya haki. Na wewe msomaji unayekula nyama kila siku, badilisha siku tatu za wiki ziwe za mikunde, na unapokwenda sokoni uliza mbaazi hizo zimelimwa wapi.